Miraba Minne Isiyopaliliwa

Mara ya kwanza nilipoambiwa kwamba kuna watu wanaoweza kumlipia mtu mzima aende ng'ambo miaka mitatu akachunguze magugu, nilidhani ninataniwa. Aliyeniambia alikuwa mpiga taipu wa ofisi yetu ya kilimo mjini Kisii, mtu wa kutoka kando ya ziwa, mcheshi wa kupindukia, na mizaha yake nilikuwa nimeizoea. Alinivuta mkono hadi kwenye ubao wa matangazo, akaweka kidole juu ya karatasi aliyoipiga chapa mwenyewe asubuhi ile.

"Ndugu yangu, hii ni yako," akasema. "Hawa watu wanalipa mtu kusoma nyasi. Na wewe kazi yako ni gani, si nyasi?"

Niliisoma mara tatu. Ilisema zipo nafasi kwa wenye shahada ya mambo ya mimea, wanyama au udongo, wakafanye utafiti wa shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kushika sindano. Karo ingelipwa, nauli ya meli ingelipwa, chakula na malazi vingelipwa, hata koti la baridi. Sharti lilikuwa moja lililonitia jasho: mwombaji alete matokeo ya jaribio lake mwenyewe la shambani, la misimu miwili mfululizo.

Niseme ukweli, nina hasira za karibu, na miaka ile ya mwanzo wa hamsini nilikuwa nazo mchana kutwa. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Kampala na shahada ya mimea, nikapewa kazi ya kupima mashamba ya pareto na kusoma vipima mvua kutoka Birongo hadi Ekerenyo. Kazi hiyo ingefanywa na yeyote anayejua kuhesabu hadi mia. Wazungu wa umri wangu, wenye karatasi kama yangu, walikuwa na gari na nyumba ya mawe. Mimi nilikuwa na baiskeli, na hata hiyo baiskeli ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo nilipoisoma ile karatasi niliona jambo moja tu: nikiipata nafasi hii nitakuwa mtu, nikiikosa nitazeeka nikichungulia vipima mvua.

Jumapili iliyofuata nilipanda hadi kwetu Manga nikamweleza mama. Baba alikuwa ameshafariki, amelala chini ya migomba kando ya shamba la wimbi, na mama alikuwa akiishi peke yake, Msabato wa kweli, shamba lake safi kama sakafu ya kanisa. Alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Daktari wa magugu?" akauliza. "Magugu yanaumwa?"

Nikamweleza kwamba kila mtu anajua magugu yanapunguza mavuno, lakini hakuna aliyepima yanapunguza kiasi gani, huku kwetu juu, katika wimbi letu. Mimi nitapima. Nilihitaji shamba lake. Ningelipanda wimbi kama kawaida, kisha ningeligawa miraba kumi na miwili kwa vigingi na kamba. Miraba minne ingepaliliwa mara mbili, minne mara moja, na minne isingepaliliwa kabisa.

Kusikia hivyo mama aliiacha mboga.

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Hata jani moja lisiguswe."

Alinitazama kama niliyemwambia atembee kijijini bila nguo. Kwetu palizi ya wimbi ni kazi ya wanawake, na mwanamke hupimwa kwayo. Shamba likiwa na magugu, watu hawasemi kwamba shamba lina magugu. Wanasema huyo mwanamke ana nini? Mama akauliza kama bila hiyo miraba minne sitapelekwa ng'ambo. Nikamwambia sitapelekwa. Akasema sawa.

Msimu wa kwanza ndio uliokuwa shule yangu hasa, na mwalimu alikuwa yeye. Mimi na shahada yangu sikuweza kutofautisha miche ya wimbi na ya wimbi mwitu; hufanana mpaka itoe masuke, na hapo utakuwa umechelewa. Nilihesabu nikakosea, nikahesabu tena nikakosea vingine. Mama alichuchumaa karibu yangu, akaniwekea shina kati ya vidole, akaniambia nilibonyeze. Hili ni letu, hili si letu. Nilishangaa kwamba chuo kizima hakikuwa na mtu wa kunifundisha hivyo. Katika daftari niliandika "utambuzi kwa kugusa shina", na jina la aliyenifundisha sikuliandika.

Miraba minne ikageuka msitu. Ikaota managu, ile mboga inayojiotea, mazuri, yamenona, na mama akawa anapita kando yake na kikapu kitupu kwenda kuomba mboga kwa jirani, kwa sababu nilimkataza kuchuma. Njia ya kwenda kanisani inapita juu ya shamba letu. Wanawake walisimama pale wakatazama chini, wakamuuliza kama mgongo unamsumbua. Aliwaambia ni kazi ya mwanawe. Hawakuamini, maana ni mwana gani mwenye elimu angemfanyia mamaye hivyo? Mimi nilicheka aliponisimulia. Leo sicheki.

Mavuno yalipokuja, miraba isiyopaliliwa ilitoa wimbi la kujaza kibakuli tu. Nilifurahi mno. Mkuu wangu wa ofisi, Mzungu aliyekuwa mkali kwa tarakimu kuliko kwa kitu kingine chochote, alizipitia hesabu zangu moja moja, akaniambia nikileta za msimu wa pili zikiwa kamili kama hizi, atatia sahihi barua yangu ya maombi kwa mikono miwili. Huyu ndiye aliyewahi kunirudisha Birongo kwa baiskeli, mvua ikinyesha, kwa sababu nilisahau kuandika kipimo cha siku moja. Nilimchukia siku hiyo, lakini nilimwamini. Nilidhani sayansi ndiyo hiyo.

Msimu wa pili nikapanda tena, nikagawa tena. Mvua zilishuka vizuri, magugu yakaja kwa fujo. Nilikuwa nikienda kuhesabu kila Jumapili ya pili. Kisha nikatumwa Ekerenyo majuma matatu, nikarudi, na Jumapili ya kwanza nikapanda Manga bila hata kunywa chai, daftari kifuani.

Nilizisikia sauti kabla ya kuona kitu. Wanawake walikuwa wakiimba, wimbo wa palizi. Nikafikiri ni shamba la jirani. Nilipofika penye njia ya juu nikatazama chini.

Shamba lote lilikuwa safi, miraba yote kumi na miwili. Hapakuwa na miraba tena. Wanawake kama ishirini walikuwa wamefika ukingo wa mwisho, wamechuchumaa mstari mmoja, vijembe vikienda pamoja. Vigingi vyangu vilikuwa vimerundikwa kando kama kuni. Kamba zangu, zile za ofisi nilizozichukua kwa sahihi yangu, zilikuwa zimefungia mizigo ya majani ya ndama. Udongo mweusi ulikuwa umelala wazi, na wimbi limesimama peke yake, changa, limepumua.

Sijui nilishukaje kile kilima. Najua tu kwamba nilisimama katikati yao nikapiga kelele mpaka wimbo ukakatika. Niliwaita wajinga. Nilisema ni watu wasiojua kitu duniani isipokuwa kijembe na umbeya. Mbele yao alikuwa mke wa kaka mkubwa wa baba yangu, mama mkubwa wangu, ndiye aliyeongoza kazi, na nilimwambia yeye hasa, kidole kikiwa usoni pake, kwamba ameniua. Kwetu mtu hamwinulii sauti mwanamke aliye katika safu ya mamaye. Nililijua hilo tangu nikinyonya. Nililijua hata nilipokuwa nikisema.

Mama mkubwa aliinuka polepole, akajifuta udongo magotini.

"Tata," akasema, kwa maana kina mama wa kwetu huwaita wana wao baba, "sisi tuliitwa. Huo uji tuliokunywa asubuhi, unadhani tulikunywa wa nani? Muulize mama yako."

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Ile ilikuwa risaga, kazi ya ujima, na risaga haiji yenyewe. Lazima mwenye shamba aende nyumba kwa nyumba kuwaalika watu, asage, achachushe uji wa siku kadhaa, maana kwa Wasabato pombe haikuwapo. Huwezi kufanyiwa risaga kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesimama pale nikitukana watu kwa jambo ambalo mama yangu alikuwa amelipanga juma zima.

Nilimkuta jikoni akiosha chungu.

"Umewaita wewe?"

"Nimewaita."

"Ukijua?"

Akakiweka chungu chini. "Mwaka jana nilivumilia," akasema. "Waliniuliza kama ninaumwa, nikanyamaza. Mwaka huu wameanza kuniombea kanisani, mbele ya watu wote, kama mtu anayekufa. Baba yako amelala pale, na juu ya kichwa chake kuna magugu, na mwanawe amesoma mpaka Kampala. Lakini si hilo tu, tata."

"Ni nini tena?"

"Nilifikiri. Uliniambia wanataka misimu miwili. Nikasema, mwaka wa kwanza wameyaona magugu yakishinda. Sasa mwaka wa pili wakiona magugu bado yameshinda, watampa huyu mtoto safari ya nini? Lazima waone ameyashinda. Peke yangu nisingeweza shamba lote kabla hujarudi. Ndiyo nikaomba watu."

Alikuwa amenifanyia kazi. Alikuwa amekaa na jaribio langu mwaka mzima, akaligeuza kichwani, akafikia uamuzi, na uamuzi wenyewe ulikuwa na akili. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyemweleza la kufanya nisimweleze kwa nini lirudiwe vilevile. Ningeweza kusema hivyo. Badala yake nilimwambia kwamba ameninyima maisha yangu, nikachukua baiskeli. Alinifuata hadi langoni akinisihi niende kwanza kwa mama mkubwa nimwombe radhi. Sikwenda.

Jumatatu nilimweleza mkuu wangu kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, hata nilizitamani. Yeye alisikiliza, akajaza kiko chake, akatazama dirishani.

"Mvua za mwaka huu hazikutofautiana sana na za mwaka jana," akasema.

Sikumwelewa. Akanieleza kama anavyomweleza mtu jinsi ya kufika posta. Nichukue tarakimu za mwaka jana za ile miraba minne, nipunguze hapa, niongeze pale, zisifanane mno. Matokeo tunayajua, akasema. Magugu hupunguza mavuno, hilo si uongo. Mwafrika kutoka ofisi yake akipata nafasi hiyo litakuwa jambo jema kwa kila mtu, na ni hasara ya kijinga kuikosa kwa sababu ya wanawake na vijembe vyao.

Mtu huyu aliyenirudisha Birongo kwa kipimo kimoja cha mvua! Nilitoka mle ofisini nikajiambia sitafanya hivyo hata kidogo, na niliyaamini maneno yangu kwa miezi mitatu na zaidi.

Wakati wa mavuno nilirudi Manga. Mama hakunitajia lile jambo. Wimbi lilikuwa limekubali kuliko miaka yote, na alikuwa ameanika masuke uani kwenye mikeka. Nilipima nilichoweza kupima. Kisha nikaketi kwenye kigoda karibu naye, daftari magotini, karatasi ya maombi ikiwa imebakiza siku chache, nikaanza kujaza safu za miraba minne isiyopaliliwa. Nilishtuka jinsi ilivyokuwa rahisi. Tarakimu ya kwanza ilikuwa ya uongo, ya pili ikawa ya kawaida, na nilipofika ya kumi nilikuwa nikijisahihisha, nikisema hapana, managu hayawezi kuwa mengi hivyo katika mraba ulio karibu na migomba.

Mama alikuwa akipepeta. Akasimamisha ungo.

"Unahesabu nini?"

"Magugu."

"Magugu gani?" akauliza. "Si tuliyang'oa yote?"

Alikuwa akiuliza kweli. Hakujua kusoma, lakini alijua kabisa kilichokuwa na kisichokuwa katika shamba lake. Nikamwambia ni hesabu za zamani ninazinakili. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kupepeta, na mimi nikaendelea kuandika.

Niliitwa Nairobi kuhojiwa. Wahojaji walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, na mmoja, mzee mwenye sauti ya upole, alikuwa amezipigia mstari karatasi zangu. Alisema msimu wa pili ndio uliomvutia zaidi, kwa jinsi ulivyothibitisha ule wa kwanza. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Amefanya kazi miaka mingi na wakulima, akasema, na hajapata kuona mkulima anayekubali kuacha magugu shambani misimu miwili. Nilimshawishije mama yangu?

Nilikuwa na nafasi pale, mlango ulikuwa wazi, mzee mwenyewe alikuwa ameufungua.

"Mama yangu anaielewa sayansi," nikasema.

Wakatabasamu wote watatu. Niliwatazama wakitabasamu nikaingiwa na hofu, si ya kugunduliwa, bali ya huyo mtu aliyejibu vizuri namna ile kwa sauti yangu.

Barua ya kukubaliwa ilikuja. Mpiga taipu wetu aliisoma kwa sauti ofisini, akanibeba mgongoni kuzunguka jengo. Mkuu wangu alinipa mkono na hakusema neno juu ya lolote. Nilipopanda Manga kuaga, mama alikuwa ameshawaambia watu, na wanawake wa risaga wote walikuwa wamekuja uani, uji umepikwa, ndizi zimechomwa. Wale wale ishirini. Sikuwa nimewaona tangu siku ile; nilikuwa nikipita njia nyingine kama mwizi.

Waliimba, wakanishika mikono. Kisha mama mkubwa akaja mbele, akavuta kigoda akaketi karibu yangu. Alikuwa amekonda.

"Nataka kujua kitu, tata, kabla hujaenda," akasema. "Tangu siku ile silali vizuri. Ulisema nimekuua. Nikasema, nimemharibia mtoto wa shemeji yangu safari yake, na nilidhani ninamsaidia. Hata mama yako nilikuwa nikimkwepa. Sasa nasikia umeipata. Basi palizi yetu haikuharibu kitu?"

"Haikuharibu kitu, mama mkubwa."

Alishusha pumzi ndefu. Nikaona mabega yake yakilegea, na wanawake waliokuwa karibu wakapokezana habari: haikuharibu kitu, haikuharibu kitu. Yeye akanigeukia tena.

"Sasa kama hatukuharibu kitu," akasema, "siku ile ulitutukania nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu, na wote walisogea ili wasikie. Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na kibuyu cha uji mkononi, macho yake yako chini, na nikajua kwamba hakuhitaji jibu langu, alikuwa amelipata siku ile ya mavuno. Nikasema nilikuwa nimechoka. Nikasema njia ilikuwa na matope kutoka mjini, na kwamba sikuwa nimekula chochote tangu asubuhi.

"Pole, tata," akasema mama mkubwa, akachukua kibuyu mkononi mwa mama, akanijazia kikombe.